Msitu umeamka lini? Mwongozo kamili wa kufuatilia usanisinuru wa miombo kwa kupima nuru

Ukipita misitu ya Tabora mwishoni mwa Septemba, mvua ikiwa bado mwezi na zaidi, utadhani vilele vya miti vimepakwa shaba. Mtundu na ndugu zake wa jamii ya miombo hawasubiri mvua. Huchipua ardhi ikiwa kavu, na majani yao machanga hutoka mekundu kwanza, ndipo baadaye yageuke kijani. Muulize mrina asali msitu umeamka lini, atakwambia tangu machipukizi yalipotokeza. Iulize kamera, itataja siku kijani kilipoonekana. Iulize setilaiti, huenda ikakupa tarehe ya tatu. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua ni lini katika mwaka kanopi ya msitu, yaani paa lake la majani, inafanya usanisinuru, yaani inanasa nuru na kuigeuza chakula, na ni lini imelala. Nimeuandika kwa mfano wa miombo ya Tabora kwa kuwa misimu ya huko imeachana waziwazi: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi. Kwingine hatua ni zile zile, tarehe ndizo utakazobadili.

Hesabu ya mvua, bati na pipa

Mwaka 1972 mwanasayansi Mwingereza John Monteith aliiweka kazi ya mimea ya tropiki katika hesabu fupi ya kuzidisha: nuru inayofika, mara sehemu inayonaswa na majani, mara ufanisi wa majani katika kuitumia. Mimi huikumbuka kwa mfano wa kukinga maji. Kuna mvua inayonyesha, kuna ukubwa wa bati linalokinga, na kuna pipa ambalo linaweza kuwa zima au linavuja. Mvua kubwa na bati kubwa havikusaidii kitu kama pipa limetoboka.

Kijani cha msitu kinakueleza habari za bati tu. Mahali pa kuliona hilo ni Niwot Ridge, kwenye milima ya Colorado nchini Marekani, takribani mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Misonobari ya pale ni kijani mwaka mzima, hata theluji ikiwa imejaa, lakini wakati wa baridi kali usanisinuru wake hushuka karibu na sifuri. Bati liko palepale, pipa ndilo limefungwa. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinapima vitu vitatu, kimoja kimoja, na ukikosa kimojawapo ujue unabahatisha.

Hatua ya 1: Chagua kipande cha msitu

Tafuta eneo la angalau mita 100 kwa 100 ambalo miti yake inafanana. Ukubwa huo una sababu: picha za Sentinel-2, setilaiti ya bure utakayoitumia baadaye, zina vipande vya mita 10 kwa 10, hivyo utapata vipande kama 100 vya kupatia wastani. Kaa mbali na mashamba ya tumbaku, barabara na matanuri ya mkaa. Msitu ukiwa wa kijiji, anza na serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Ukiwa wa hifadhi ya taifa ya misitu, nenda TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Na uliza mizinga ya nyuki iko wapi kabla hujaegemeza ngazi kwenye mti wowote. Sitaeleza nilijuaje.

Andika orodha ya miti iliyomo, na ngapi kati yake hupukutika kabisa. Mninga kwa mfano hubaki mtupu kwa muda mrefu, wakati mtundu hupumzika kidogo tu. Orodha hii itakuokoa siku utakapoona grafu inapanda kwa ngazi mbili badala ya moja.

Hatua ya 2: Pima mvua, yaani nuru inayofika

Mmea hutumia nuru ya mawimbi kati ya nanomita 400 na 700. Wataalamu huiandika PAR, na huipima kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la utosini likiwa halina wingu hutoa karibu 2,000.

Kifaa sahihi ni kihisi cha PAR, kinachounganishwa na kinasa data. Kiweke mahali pa wazi, juu ya nguzo isiyopigwa na kivuli chochote kutwa nzima, na ukisawazishe kwa pimamaji kama anavyofanya fundi mwashi. Kihisi kikiinama kidogo tu, asubuhi na jioni zako zitatofautiana hata siku isiyo na wingu. Weka kinasa data kichukue kipimo kila dakika na kihifadhi wastani wa kila dakika 10.

Kama una simu tu, programu ya kupima laksi, kizio cha mwangaza, inaweza kukupa makadirio: gawanya laksi za jua la wazi kwa 54. Lakini usithubutu kutumia kigawanyo hicho ndani ya msitu. Kipimo cha laksi kimetengenezwa kifuate jicho la mtu, na jicho hupenda kijani, rangi ile ile ambayo majani yanaipitisha. Chini ya miti kitakudanganya kwamba kuna nuru nyingi inayofaa kuliko iliyopo.

Jumla ya siku ni rahisi. Wastani ukiwa mikromoli 900 kwa saa 12 za mchana, zidisha kwa sekunde 43,200, upate moli 38.9 kwa mita ya mraba. Andika namba hiyo kila siku.

Jambo moja la Tabora linastahili kuangaliwa kwa karibu. Mji uko kwenye latitudo ya nyuzi 5 kusini, hivyo jua hupita utosini mara mbili: wiki ya kwanza ya Oktoba, na tena wiki ya pili ya Machi. Kwa hiyo miombo inachipua karibu na wakati ambao nuru ni kali na mawingu ni machache, wakati Desemba na Januari mawingu hukata sehemu kubwa. Asiyepima mvua hii ya nuru atadhani Januari msitu umezembea, kumbe umenyimwa nuru.

Tena, saa sita ya saa yako siyo saa sita ya jua. Saa zetu za Afrika Mashariki zimefuata longitudo ya nyuzi 45, na Tabora iko karibu na 33. Jua hufika juu kabisa kwenye saa saba kasoro dakika kumi hivi. Mwanzoni mwa Novemba huwahi kwa robo saa, katikati ya Februari huchelewa kwa karibu muda huo huo. Nitakapoandika "adhuhuri ya jua" namaanisha wakati huo.

Hatua ya 3: Pima bati, yaani nuru inayonaswa

Hapa kuna njia tatu, na nakushauri utumie angalau mbili, kwa sababu kila moja ina uongo wake.

*Kutembea chini ya miti.* Chukua kihisi cha pili, cha aina ile ile na kile cha nje. Karibu na adhuhuri ya jua, tembea ukipima pointi 40 hivi kwenye mistari, kihisi kikiwa kimesawazishwa na juu ya kimo cha majani makavu na nyasi. Pointi moja haitoshi kamwe. Hatua moja upo kwenye doa la jua lenye 1,600, hatua inayofuata upo kivulini penye 150. Chagua siku ya anga safi au ya mawingu yaliyofunika kote. Siku ya mawingu ya vipande, rudi nyumbani.

Tuseme nje ni 1,800 na wastani wa chini ni 720. Iliyopita ni 720 kugawanya kwa 1,800, yaani 0.4. Basi 0.6 imenaswa. Ukitaka wingi wa majani, chukua logi asilia ya 0.4, ibadili alama, ugawanye kwa 0.5: unapata 1.8, yaani karibu mita za mraba 1.8 za majani juu ya kila mita ya ardhi.

Majani? Hapana, majani na matawi. Mti mtupu wa Agosti nao una kivuli. Kwa hiyo pima pia katika juma ambalo msitu uko wazi kabisa, na namba hiyo uifanye msingi wa kulinganishia. Njia bora zaidi ni kutumia rangi: tawi huzuia nuru nyekundu na infraredi, ile isiyoonekana kwa jicho, kwa pamoja, bali jani hula nyekundu na kuiachia infraredi ipite. Mwaka 1969 Mmarekani Carl Jordan alikadiria wingi wa majani ya msitu wa mvua kwa kulinganisha nuru ya nanomita 800 na ya 675 sakafuni mwa msitu, bila mnara wowote. Leo unaweza kufanya hivyo kwa kichipu kidogo cha AS7263, kinachosoma mawimbi sita: 610, 680, 730, 760, 810 na 860. Kifunike kwa tabaka kadhaa za tepu nyeupe ya mafundi bomba ili nuru isambae kabla ya kuingia, weka kimoja nje na kimoja chini ya miti, ulinganishe 810 na 680. Usitumie 760: hapo ndipo oksijeni ya angani inapofyonza nuru, na kipimo hucheza hata msitu ukiwa umetulia.

Kabla ya kuvitenganisha, viweke vihisi vyako vyote pamoja juani kutwa nzima. Havitalingana. Tafuta uwiano wao na uuandike kwenye daftari, siyo kwenye kumbukumbu ya kichwa.

*Kamera.* Kamera ya kawaida ya nje, ile inayowekwa kunasa wanyama, inafaa. Ifunge kwenye mnara, mwamba au mti mrefu, ikitazama kilele cha msitu. Ielekeze kusini, kwa kuwa kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la Tabora liko kaskazini, na humo mmo kiangazi chote na machipuko mengi. Ipige picha kila nusu saa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Kosa linaloua kazi hii ni kuiacha kamera ijirekebishie rangi yenyewe. Ikiona wekundu mwingi, itaona ni kasoro, itauondoa, na pamoja nao utaondoka ushahidi uliokuwa unautafuta. Ingia kwenye mipangilio, chagua "jua", uifunge hapo. Kamera isiyokuruhusu usiinunue.

Kisha kata eneo moja la picha lenye miti tu, lisilo na anga, na ulitumie hilo hilo mwaka mzima. Chukua wastani wa nyekundu, kijani na buluu, ugawanye kijani kwa jumla ya vyote vitatu. Kilele cha Desemba chenye 90, 110 na 70 kinatoa 0.41. Kilele cha machipukizi mekundu chenye 130, 100 na 70 kinatoa 0.33, chini kabisa, ingawa majani yameshafunika matawi! Ndiyo maana kwa miombo sikubali mtu anichoree mstari wa kijani bila mstari wa nyekundu kando yake. Nyekundu hapo ni 130 kwa 300, yaani 0.43. Mstari wa nyekundu ukipanda ndipo bati linapoanza kutandazwa. Kila siku tatu chagua thamani iliyozizidi zile za asilimia 90 ya picha; hiyo hupunguza athari za moshi wa mioto na vumbi la Agosti.

*Setilaiti.* Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5, mnamo saa tano asubuhi, na picha zake ni bure. Chagua zile zilizokwisha sahihishwa athari za anga, ondoa vipande vyenye mawingu na vivuli vyake, kisha kwa kila tarehe kokotoa NDVI: infraredi toa nyekundu, gawanya kwa infraredi jumlisha nyekundu. Infraredi ikiwa 0.30 na nyekundu 0.04, NDVI ni 0.76. Halafu izidishe kwa infraredi yenyewe: 0.76 mara 0.30 ni 0.23. Kipimo hiki cha pili kinaitwa NIRv, kilitangazwa mwaka 2017, na ndicho ninachokiamini zaidi, kwa sababu hupunguza kelele za udongo na hakigoti mapema majani yanapozidi. Picha ya Agosti yenye infraredi 0.20 na nyekundu 0.10 inatoa NDVI 0.33 na NIRv 0.07. Ona tofauti: NDVI imepanda kidogo zaidi ya mara mbili, NIRv zaidi ya mara tatu.

Mitego ya setilaiti ni mitatu. Moto wa kiangazi huacha ardhi nyeusi, na grafu hushuka ghafla bila mti kudondosha jani. Weka alama kila tarehe ya moto. Nyasi nazo huchipua mvua ikinyesha. Habari njema ni kwamba ongezeko la Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, mara nyingi ni la miti peke yake. Kuanzia Desemba umechanganya miti na majani ya chini, na hapo ndipo vipimo vya kutembea vinapokuamulia. Mtego wa tatu ni pembe ya jua. Kwa miaka watafiti walibishana kama Amazon hukolea kijani kiangazi, hadi makala ya mwaka 2014 katika jarida la Nature ilipoonyesha kwamba sehemu kubwa ya kijani hicho kwenye takwimu za setilaiti ilitokana na mabadiliko ya pembe kati ya jua na setilaiti. Linganisha Oktoba na Oktoba, siyo Oktoba na Juni, kama hujasahihisha pembe.

Hatua ya 4: Chungulia pipa

Jani lililonasa nuru lina njia tatu za kuiondoa: kuitumia, kuitoa kama joto, au kuirudisha kama mng'ao hafifu mwekundu. Mng'ao huu unaweza kuuona mezani. Ponda majani ya mchicha ndani ya spiriti, chuja, zima taa, mulika kwa kurunzi ya kukagulia noti bandia. Maji ya kijani yatang'aa mekundu kama damu. Nimewaonyesha watoto wengi, na hakuna aliyewahi kuamini kwa mara ya kwanza.

Kwenye jani hai mng'ao huo ni kama asilimia 1 au 2 tu ya nuru iliyonaswa, umefichwa na jua lenyewe, lakini vyombo vya angani huweza kuutenganisha. Ramani za kwanza za dunia zilitoka mwaka 2011 kwa setilaiti ya Kijapani GOSAT. Leo chombo cha TROPOMI, kilichorushwa Oktoba 2017, hutoa vipimo vya kila siku kwa vipande vya takribani kilomita 5.5 kwa 3.5. Huko Niwot Ridge, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha mng'ao ukishuka na kupanda pamoja na usanisinuru wa misonobari, huku kijani kikiwa hakijabadilika.

Kipande cha kilomita 5.5 ni kikubwa kuliko msitu wa vijiji vingi, na humo kutakuwa na tumbaku na mahindi. Kwa hiyo usikitumie kusema habari za shamba lako la miti 400. Kitumie kwa jambo moja: gawanya mng'ao kwa nuru iliyofika, kwa wastani wa majuma mawili, uone kama kupanda kwake kunaambatana na NIRv au kunachelewa. Ukichelewa, bati limetandazwa lakini pipa bado.

Mwenye fedha za kihisi cha mawimbi membamba anaweza kupima pia nanomita 531 na 570 na kupata PRI: 531 toa 570, gawanya kwa jumla yake. Inafuata rangi za njano ambazo jani huzibadilisha linapozidiwa na nuru na kuitoa kama joto. Kipime asubuhi na adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Tofauti kubwa kati ya nyakati hizo mwishoni mwa kiangazi inaashiria jani lililokabwa na ukame. Usiyekuwa nacho usihuzunike, kipimo hiki kina usumbufu wa kutosha hata kwa wenye maabara.

Hatua ya 5: Chora vyote pamoja

Karatasi moja, tarehe kuanzia 1 Agosti hadi 31 Julai. Chora PAR ya siku, sehemu iliyonaswa, nyekundu na kijani vya kamera, NIRv, mng'ao uliogawanywa, na chini kabisa mvua ya kila siku kutoka kwenye kipima mvua chako. Kwa kila mstari tafuta tarehe ulipovuka nusu ya njia kati ya chini yake na juu yake. Mpangilio wa tarehe hizo ndio jibu la swali lako.

Kisha zidisha: moli 38.9 mara 0.6 ni moli 23.3 zilizonaswa siku hiyo. Usikimbilie kuzigeuza kilo za kaboni. Kwa hilo unahitaji ufanisi uliopimwa kwa mnara unaofuatilia kaboni dioksidi ikiingia na kutoka msituni, kama ule uliokuwa msitu wa Kataba, karibu na Mongu, Zambia. Bila mnara, sema kwa ulinganisho: "nuru iliyonaswa Oktoba ilikuwa nusu ya ile ya Februari." Hiyo ni kauli unayoweza kuitetea.

Kabla hujaandika hata hiyo, kagua vifaa. Mwaka wangu wa kwanza nilipata grafu nzuri ya msitu uliopoteza majani katikati ya Januari. Nilijiandaa kuandika habari za ukame wa ajabu, hadi nuru ya chini ikaonekana kubwa kuliko ya nje. Nilipopanda nguzo nilikuta nyigu amejenga nyumba ya tope juu ya kihisi, ameacha tundu dogo upande mmoja. Siku hizi nguzo hupandwa kila Jumatatu na kitambaa chenye maji safi, na mwenye zamu huandika saa aliyofuta.

Kihisi cha tatu kinunue na ukifungie kabatini, gizani. Kila Agosti, msitu ukiwa mtupu na kazi ni chache, kitoe na ukisimamishe kando ya kile cha nje kuanzia macheo hadi machweo. Tofauti ikizidi asilimia 5, kile cha nje kimechakaa kwa jua. Sahihisha takwimu za mwaka mzima kwa uwiano huo kabla hujaanza kuchora mstari wa mwaka wa pili.